BESI YAKO, USINGIZI WA JIRANI YAKO

Wiki hii tuzungumzie kitu kilichoingia majumbani mwetu kwa kasi kama ile ya televisheni ilipoanza Tanzania Bara mwaka 1994. Kitu chenyewe ni sabufa.

Usiniambie huijui. Ni lile boksi jeusi lenye spika moja kubwa linalokaa chini, na vispika vyake vidogo vinavyowekwa huku na huku ya televisheni. Siku hizi kijana akipata fedha yake ya kwanza, kitanda atanunua, godoro atanunua, cha tatu sabufa. Wengine wanaanza na sabufa, godoro litajijua lenyewe.

Mimi sina ugomvi na sabufa. Ni mpenzi wa muziki, na kwangu muziki usio na besi ni kama pilau isiyo na bizari. Ugomvi wangu ni na ile nobu ya besi. Utakuta mtu analeta sabufa nyumbani, anachomeka waya, anazungusha nobu mpaka inagota, halafu anajitupa kwenye kochi anatikisa kichwa. Ukimwuliza mbona hivyo, anakujibu, "Kwani nimenunua ya nini?"

Hapo ndipo kasheshe inapoanza. Asikwambie mtu, katika nyumba za kupanga besi imevunja ujirani kuliko hata michango ya luku. Umeme mkigombana mtahesabu balbu na pasi, mtapatana. Besi utaihesabu kwa kitu gani?

Nina ushahidi. Kwenye nyumba ninayopanga, huku Temeke, tuko wapangaji sita. Nyumba yenyewe ni hizi zetu za Kiswahili: korido katikati, vyumba vitatu huku, vitatu kule, uani jiko, choo na bomba. Ukipiga chafya chumba cha kwanza, wa chumba cha tatu anakuombea kheri.

Chumba cha pili anakaa rafiki yangu mmoja kondakta wa daladala, na mkewe, ambaye kwangu ni shemeji. Chumba cha tatu, ukuta kwa ukuta na wao, anakaa babu mmoja mlinzi. Babu huyu analinda ghala usiku kucha. Anarudi saa moja na nusu asubuhi, anakunywa chai yake, na saa mbili anapanda kitandani. Mchana wetu ndio usiku wake.

Shemeji naye ni fundi cherehani, anashona palepale chumbani. Mumewe anatoka saa kumi alfajiri, anarudi saa nne usiku akiwa hoi. Watoto bado Mungu hajawajalia. Kwa hiyo kutwa nzima mwenzake ni cherehani. Zamu yake ya upatu ilipofika, akanunua sabufa ili apate mtu wa kuzungumza naye. Hakuiba wala hakukopa. Nalisisitiza hilo kwa sababu baadaye palitokea watu uani waliotaka aonekane mhuni.

Mwezi wa kwanza babu alivumilia. Mwezi wa pili akaanza mafumbo uani, eti "siku hizi kuna watu wanaishi ndani ya ngoma." Mwezi wa tatu akakutwa amesinzia lindoni. Msimamizi akampa barua ya onyo, akaambiwa ikija ya pili afungashe virago.

Fikiria mwenyewe. Mzee wa miaka sitini na kitu, anasomesha wajukuu wawili, akiachishwa ulinzi leo nani atampa lindo jingine?

Habari zikamfikia Bi mwenye nyumba. Akaja juu, akasimama katikati ya korido na khanga yake kiunoni, akatangaza: mwisho wa mwezi mmoja kati ya hao wawili anahama. Nani? "Mtajuana wenyewe." Kuanzia hapo nyumba ikagawanyika kama Simba na Yanga. Wengine walikuwa upande wa babu, wengine wa shemeji, na chumvi watu wakaacha kuazimana.

Siku moja shemeji akaniita pembeni, macho mekundu. "Shem, mimi mbona sifungulii sana? Njoo ukae hapa usikilize mwenyewe."

Nikakaa kwenye kochi. Nikasikiliza. Na kweli, mpenzi msomaji, pale kwenye kochi besi ilikuwa ya kawaida tu, tena dhaifu. Nikatoka, nikaomba hodi kwa babu. Shikamoo, marahaba, karibu. Babu hakusema kitu, alininyooshea kidole mezani. Kikombe chake cha bati kilikuwa kinatetemeka juu ya kisosi kama kina homa.

Sasa hapo mwongo nani? Hakuna. Wote wawili walikuwa wanasema kweli. Na hicho ndicho kisa cha makala haya, maana ugomvi mwingi wa besi ninaouona mitaani uko hivyohivyo. Anayepiga haisikii, asiyepiga ndiye anayeipata yote.

Nilipomaliza kidato cha nne, nikisubiri neema ya Mungu, nilikaa karibu miaka miwili kwa fundi redio. Fizikia niliyoiacha ubaoni nikaja kuikuta kwa fundi, imevaa ovaroli. Kwa hiyo naomba nikupe darasa dogo, bure, halafu turudi kwa babu.

Sauti ni mtetemo wa hewa. Sikio zima la binadamu linasikia kuanzia mitetemo 20 kwa sekunde mpaka 20,000. Mtetemo mmoja kwa sekunde wenyewe wanauita hezi moja. Filimbi iko huko juu, ngoma iko huku chini. Ule waya mnene kuliko wote wa gitaa la besi, ukipigwa mtupu, unatoa hezi 41 hivi. Sabufa kazi yake ni huku chini tu.

Sasa sauti inasafiri kiasi cha mita 340 kwa sekunde. Ukigawa, utaona wimbi la hezi 10,000 lina urefu wa sentimita tatu na nusu hivi, lakini wimbi la hezi 50 lina urefu wa karibu mita saba! Lile dogo likikutana na pazia, godoro au nguo zilizotundikwa, habari yake imekwisha. Hili la mita saba litaona tofali la inchi tano ni kitu gani? Linautikisa ukuta, na ukuta nao unakwenda kuitikisa hewa ya upande wa pili. Ndiyo maana kukiwa na sherehe mtaa wa tatu unasikia "du, du, du," lakini mwimbaji humsikii hata neno.

Tembo wanaijua siri hiyo siku nyingi. Mwaka 1984 mtafiti wa Kimarekani, Katy Payne, akiwa kwenye bustani ya wanyama ya Portland, alihisi hewa inatetemeka karibu na tembo bila kusikia chochote. Ikaja kugundulika kwamba wanazungumza kwa sauti nzito mno, nyingine chini ya zile ambazo sikio letu linazipata, na sauti hizo zinafika kilometa kadhaa porini. Tembo wa Ruaha hahitaji simu. Sasa wewe unaleta sauti za aina ya tembo kwenye chumba cha futi kumi kwa kumi na mbili, halafu unashangaa jirani amekasirika.

Na hapo kwenye futi kumi na mbili ndipo penye uchawi. Futi kumi na mbili ni kama mita 3.6. Hiyo ni nusu ya urefu wa wimbi la hezi 47 hivi. Wimbi hilo likigonga ukuta linarudi, likirudi linakutana na lenzake linalokuja, linajipanga ndani ya chumba kama kamba inayorushwa na watoto. Kwenye kuta mbili za mwisho linasukuma kwa nguvu zote. Katikati ya chumba linakaribia kufa kabisa.

Sasa angalia chumba cha shemeji. Kochi lake liko katikati, ndilo mpaka kati ya "sebule" na kitanda. Cherehani ameiweka ubavuni mwa kochi hilohilo. Sabufa yenyewe ameibana kwenye pembe, imeegemea ukuta wa babu, na pembeni ndiko besi inakojaa kuliko mahali pengine popote. Babu kwa upande wake kitanda kaelekeza kichwa kwenye ukuta huohuo!

Umeona? Shemeji amekaa mahali ambapo besi imekufa, kwa hiyo anaongeza. Akiongeza, babu anapigwa. Babu akilalamika, shemeji anasikiliza kwa makini, haioni besi, anaona anaonewa. Hakuna aliyekuwa na roho mbaya mle ndani. Kochi ndilo lililokaa vibaya.

Nikasubiri siku ya mapumziko ya babu. Sharti langu lilikuwa moja: babu awepo chumbani tukipima. Shemeji akanuna kidogo, lakini akatandika kitambaa kizuri kwenye kiti na kumkaribisha. Kondakta naye aliomba ruhusa ya nusu siku. Hebu nikueleze tulivyofanya, ukate kipande hiki ukiweke.

Kwanza kabisa, tulitoa besi za kuongezwa. Simu iliyokuwa inapiga muziki ilikuwa na besi ya ziada imewashwa, na sabufa yenyewe kwa rimoti ilikuwa imewekwa kwenye "Rock." Hiyo ni sukari juu ya asali. Kila kitu kikarudishwa sifuri, maana huwezi kupima uzito wa mchele ukiwa umekaa juu ya mzani.

Pili, nyaya. Spika ina upande mwekundu na upande mweusi. Nikakuta kispika cha kulia kimegeuzwa. Kikiwa hivyo, cha kushoto kikisukuma hewa, cha kulia kinavuta. Sauti nzito nzito za vispika hivyo zinauana zenyewe hewani, unabaki na muziki mwembamba, na mwenye nyumba anakimbilia nobu ya besi kutafuta kilichopotea. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Kwa kitendo hicho kimoja tu kondakta alisema, "Aisee, umeongeza nini hapo?" Sikuongeza kitu.

Tatu, kochi. Tulilisogeza nyuma futi mbili, cherehani ikafuata. Litoke tu katikati kamili, basi. Hakuna nobu duniani inayofufua besi mahali ambapo chumba chenyewe kimeiua.

Nne, mahali pa sabufa. Hapa ndipo watoto wa uani walipopata sinema ya bure. Unaibeba sabufa unaiweka juu ya kochi, pale unapokaa wewe. Unapiga wimbo wenye gitaa la besi linalotembea. Halafu wewe unashuka chini, unatambaa ukutani kama mtoto wa miezi minane, sikio liko usawa wa sakafu. Kuna mahali besi itavimba, kuna mahali itapotea, na kuna mahali kila noti itatoka sawa na mwenzake. Hapo weka alama ya chaki. Ndipo sabufa itakapokaa. Njia ya sauti kutoka kwenye kochi kuja hapo ni sawa na kutoka hapo kwenda kwenye kochi. Mafundi wakubwa wa Ulaya na Marekani wanatambaa hivihivi, tena na suti zao.

Chaki yangu iliangukia karibu na ukuta wa korido, mbali kidogo na pembe, na mbali kabisa na ukuta wa babu. Chini ya kila mguu wa sabufa nikaweka kipande cha kandambili kuukuu ili boksi lisigongane na sakafu wala kabati lisiitikie.

Tano sasa, ndipo tukaja kwenye nobu yenyewe. Besi ikawekwa sifuri. Nikamwambia shemeji akae kwenye cherehani ashone kabisa, afungulie sauti kiasi anachofungulia siku zote, maana kipimo cha kwenye ukimya siyo kipimo cha kwenye kazi. Tukaweka redio, mtangazaji wa kiume anasoma habari. Besi nikaipandisha kidogo kidogo. Mtangazaji alipoanza kusikika kama anasomea ndani ya pipa, nikarudi nyuma mpaka akawa mtu tena. Hapo ndipo mwisho wako. Ukivuka hapo, hiyo siyo besi, ni pipa.

Halafu tukapiga wimbo. Sikiliza gitaa la besi: je, unaweza kulifuata noti kwa noti, au kila noti inatoka "du" ileile? Ikiwa ni "du" moja mwanzo hadi mwisho, shusha. Jaribio la mwisho, zima sabufa, washa. Ukizima, uone kuna kitu kimetoka. Ukiwasha, usiweze kunyoosha kidole kusema besi inatoka wapi. Sabufa iliyopimwa vizuri haijitangazi.

Ukiichukulia nobu ile kama mshale wa saa ya ukutani, mwanzo ilikuwa imelala saa kumi na moja. Tulipomaliza ilikuwa saa nne. Na pale kwenye cherehani shemeji akasema besi imeongezeka!

Nikachukua simu yenye programu ya kupima kelele nikaenda nayo kwa babu, mara ya kwanza kabla hatujagusa kitu, mara ya pili baada ya kumaliza. Ilishuka desibeli 12. Namba zenyewe za simu si za kuaminiwa sana kwenye besi, kwa sababu kipaza sauti chake kimetengenezwa kwa ajili ya maneno ya watu. Lakini ukipima kwa simu ileile, mahali palepale, wimbo uleule, tofauti inakupa picha. Na desibeli 10 tu ni mara kumi ya nguvu.

Ukipima, angalia kitu kimoja. Vipimo vina herufi A na herufi C. A inalifuata sikio letu, ambalo kwa sauti za chini ni zito, kwa hiyo kwenye hezi 50 inapunguza karibu desibeli 30. C haipunguzi hata desibeli mbili hapo. Kwa hiyo mtu akija na kipimo chake cha A akakuambia "mbona hakuna kelele," na huku kikombe kinatetemeka, wewe mwombe abonyeze C.

Sasa, mpenzi msomaji, kwa nini watu wanaiongeza hivi hii besi? Wala si ushamba. Mwaka 1933 wataalamu wawili wa maabara za Bell huko Marekani, Harvey Fletcher na Wilden Munson, walichapisha vipimo vya sikio. Walionyesha kwamba muziki ukiwa chini, sikio linaipoteza besi kwanza kabla ya kitu kingine. Muziki uleule ukiwa juu, besi inarudi yenyewe.

Maana yake nini? Usiku ukipunguza sauti utaona besi imekimbia. Utaongeza nobu. Kesho asubuhi unafungulia sauti yako ya kawaida, nobu iko kule kule, kumbe sasa una besi mara mbili. Jioni vilevile. Ndivyo nobu inavyopanda ngazi kimya kimya mpaka inagota. Dawa yake ni kupima ukiwa kwenye sauti unayotumia siku zote, uweke alama kwa rangi ya kucha, halafu uiache hapo. Ukipunguza sauti usiku, kubali kwamba besi imelala, na wewe kalale.

Kwa wale wenye uwezo wao, wenye sinema nzima ya nyumbani na spika tano au saba ukutani, kwenu kazi ni rahisi zaidi. Mashine yenu inatoa kelele ya majaribio, spika moja baada ya nyingine. Kaa mahali pako, kipimo kwenye C, kila spika ifike desibeli 75, na sabufa nayo iwe 75 kama wenzake. Isizidi eti kwa sababu ndiyo kubwa. Hesabu hii imetoka kwenye majumba ya sinema, ambako wanapima kwa 85. Na ule mpaka wa kukabidhiana kazi, ambapo spika za kawaida zinaacha na sabufa inapokea, wengi wanauweka hezi 80. Ndio uliochaguliwa na mfumo wa THX, ulioanzishwa na kampuni ya mtengeneza filamu George Lucas mwaka 1983. Kama nyuma ya sabufa kuna swichi iliyoandikwa 0 na 180, mtu mmoja akae kwenye kochi, mwingine aibonyeze. Chagua upande unaotoa besi nyingi zaidi, kisha ndipo upunguze kwa nobu.

Na neno la mfukoni. Kwa fundi wangu, sabufa zilizokuja na koili zilizoungua zilikuwa rundo. Ukipandisha besi desibeli 3 umeiambia ampulifaya itoe nguvu mara mbili. Ukipandisha 10, mara kumi. Halafu mtu ananiambia boksi limeandikwa PMPO maelfu ya wati. Ndugu yangu, hiyo PMPO ni tarakimu ya biashara. Tazama nyuma, penye waya wa umeme, uone inakula wati ngapi. Haiwezi kutoa zaidi ya inachokula kwa siku nzima, kama wewe tu.

Tusisahau na masikio yenyewe. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki kwa sauti ya desibeli 80. Fundi wa cherehani anayeshona siku sita kwa wiki na muziki juu, hesabu yake anaijua. Masikio yakishakufa hayana spea Kariakoo.

Sasa turudi kwa babu, najua unamsubiri.

Tulipokuwa tunajaribu nyimbo, kondakta aliweka wimbo wa zamani wa Mlimani Park, ile Sikinde iliyoanza mwaka 1978. Babu alikuwa amekaa kimya muda wote, kofia mapajani, kama mgeni wa msiba. Mara nikaona kidole chake kinatembea juu ya kofia. Akauliza, "Huu ndio huwa mnapiga asubuhi?" Shemeji akasema, "Ndiyo babu, huu naupenda, naupiga kila siku." Babu akacheka mpaka akakohoa. "Miezi mitatu nausikia, sikujua kama ni huu! Mimi kule kwangu nasikia du du tu. Mjukuu wangu, huu wimbo nimeuchezea ukumbini wewe hujazaliwa."

Shemeji akaacha kushona. Naye akamwambia kitu ambacho alikuwa hajawahi kumwambia mtu pale nyumbani: kwamba mchana chumba kikiwa kimya anasikia mawazo, na mawazo yake mengine si mazuri. Babu akaitikia kwa kichwa. Akasema lindoni usiku na yeye huwa hivyohivyo, ndiyo maana anatembea na redio ndogo.

Mambo mengine yakamalizwa palepale bila mjumbe wala Bi mwenye nyumba. Babu kwa hiari yake akageuza kitanda, kichwa kikatoka ukutani. Shemeji akakubali kwamba kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa nane mchana nobu haivuki saa nne na sauti haivuki alama ya rangi. Babu akitoka kwenda kazini, alasiri ni yake. Kondakta akakumbushwa kwamba chumba cha nne kuna binti wa kidato cha nne anayejisomea, kwa hiyo saa nne usiku akirudi yeye, sabufa inazimwa.

Mwisho wa mwezi ulifika, hakuna aliyehama. Barua ya pili haijaja. Sitakudanganya kwamba babu hasikii kitu, ukuta ni uleule wa inchi tano. Nilimwuliza juzi, akaniambia, "Bado nasikia, ila sasa nasikia kama mtu anayepita korido. Zamani nilikuwa nasikia kama mtu anayenigongea mlango."

Wapo watakaosema sheria ipo. Kweli ipo. Kuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015. Anayepiga disko mtaani mpaka alfajiri apelekwe huko bila huruma. Lakini nyumba ya vyumba sita ukianza na sheria, utashinda kesi na kupoteza mtu wa kukuamsha ukiugua usiku.

Kwa hiyo, mpenzi msomaji, jumamosi hii kabla hujagusa nobu, fungulia muziki wako kama kawaida, toka, kabishe hodi kwa jirani, umwombe ukae kitandani kwake dakika tano. Usiongee. Angalia vikombe vyake.

Ukishatoka huko, nobu utaishusha mwenyewe bila kuambiwa na mtu. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.